AMESHINDWA CHAMANI: SASA NI MTU WA NANI?



Kila uchaguzi unapokaribia, swali hili huzuka katika matawi yetu. Mjumbe amekataliwa na chama chake katika kura ya mchujo, kisha anarudi kwa wananchi na kusema, "Sasa sina chama, nipeni kura mimi mwenyewe." Je, ni haki? Wengine husema ndiyo, wengine humwita mtu asiyejua kushindwa. Sisi tungependa kuuliza jingine: mtu huyo akishinda, atakuwa mtu wa nani?

Tutazame mambo yaliyotokea Marekani mwaka 2006, katika jimbo dogo la Connecticut, maana mambo hayo yamekwisha na mwisho wake unajulikana.

Seneta Joseph Lieberman alikuwa katika Seneti tangu 1989. Hakuwa mtu mdogo. Mwaka 2000 chama chake cha Democratic kilimsimamisha agombee Umakamu wa Rais pamoja na Al Gore. Lakini aliviunga mkono vita vya Iraq vilivyoanza 2003, na akaendelea kuviunga mkono hata wanachama wengi walipovichoka. Akatokea mfanya biashara wa televisheni ya waya, Ned Lamont, akipinga vita hivyo. Tarehe 8 Agosti 2006 wanachama wakapiga kura, na Lamont akamshinda Seneta kwa asilimia 52 kwa 48. Tofauti yao ilikuwa kura kama 10,000.

Sheria ya jimbo hilo ilimtaka mgombea wa kujitegemea alete sahihi 7,500 za wapiga kura, na siku ya mwisho ya kuzileta ilikuwa kesho yake, tarehe 9 Agosti. Lieberman alizileta. Alikuwa ametangaza mpango huo tangu mwanzo wa Julai, kabla hata ya kushindwa. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya nyumba na wa pili umekwisha kuvuka kizingiti.

Hatufichi, jambo hilo halitupendezi. Anayeingia katika shindano huwaambia wenzake kwamba wakimkataa atakubali. Mtu akishindwa Ukatibu wa tawi Jumapili, na Jumatatu yuko njiani kuandikisha chama chake, tungemwitaje? Sisi wa Kenya tumeona vyama vya wafanya kazi vikigawanyika namna hiyo, na tunajua ni mwajiri aliyecheka.

Lakini tusikilize na upande wa pili. Waliopiga kura mwezi wa Agosti hawakufika 300,000. Siku ya uchaguzi wenyewe, 7 Novemba, walijitokeza zaidi ya 1,100,000. Connecticut ina watu wengi sana wasio na chama chochote, na hao katika mchujo hawakuulizwa neno. Walipoulizwa, Lieberman alipata zaidi ya kura 560,000, na Lamont kama 450,000. Mgombea wa Republican alipata moja tu katika kila kumi, kwa sababu wakubwa wa chama chake walimwacha peke yake na macho yao yakamwelekea Lieberman. Kumbukeni hilo, maana kura za kuazima zina mwenyewe.

Vyama vya wafanya kazi viligawanyika, vingine kwa Lamont, vingine kwa Lieberman. Nani atawalaumu? Mwaka 2005 Serikali ya Marekani ilikuwa imependekeza kufunga kituo cha nyambizi huko Groton, na Lieberman alikuwa mmoja wa wajumbe waliosimama kukitetea mpaka kikaokoka. Mtu ambaye ugali wa watoto wake ulitoka Groton hawezi kuambiwa asahau hayo kwa ajili ya kadi ya chama.

Basi alikuwa mtu wa nani? Aliporudi mwaka 2007 Seneti ilikuwa imegawanyika 51 kwa 49, na bila yeye Democratic wasingekuwa na wingi wao. Waliokuwa wamemfukuza wakampokea, wakamwachia miaka yake ya ukubwa, wakampa na uenyekiti wa kamati. Juni 2007 ulipokuja mswada wa kurahisisha wafanya kazi kujiunga na vyama, alipiga kura pamoja na wenzake. Walikuwa 51 kwa 48, lakini zilitakiwa 60, mswada ukafa. Tunamwandikia hilo katika upande wa mema.

Mwaka 2008 alisimama katika mkutano mkuu wa Republican akimwombea kura John McCain. Kisha ikaja Desemba 2009. Ulikuwapo mpango wa kuwaruhusu watu wa miaka 55 hadi 64 wajinunulie bima ya Serikali ya matibabu, ile ya wazee. Mfanya kazi aliyefukuzwa kazini akiwa na miaka 57 anajua maana yake. Democratic walihitaji kura zote 60, na ya Lieberman ilikuwa mojawapo. Akasema hapana, ingawa miezi michache nyuma yeye mwenyewe aliusema vizuri mpango huo. Ukaondolewa. Mtu mmoja!

Wafanya kazi waliompa kura kwa sababu ya Groton walikwenda kumwuliza wapi? Chama hakikuwa na kamba ya kumvuta. Hakugombea tena mwaka 2012.

Hapa kwetu Katiba ya 2010 inamruhusu mgombea asiye na chama, mradi asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Anayetaka Seneti lazima aungwe mkono na wapiga kura 2,000 wa kaunti yake. Kwa miaka mingi kabla ya hapo mlango huu ulifungwa, na aliyenyimwa tikiti na wakubwa wa chama alikwenda nyumbani kwake. Sisi hatutaki ufungwe tena. Michujo yetu tunaifahamu, na wako waliokataliwa na wakubwa tu, si na wanachama.

Lakini sahihi 2,000 si nyingi. Malango ya viwanda viwili au vitatu yaweza kuzitoa siku ya mshahara, na atakayezitaka atakuja hapo hapo kwetu. Ndugu, kabla hujatia yako, mwambie yeye atie yake kwanza: aandike atapigaje kura juu ya mshahara wa chini, juu ya bima ya matibabu, juu ya wafanya kazi wa kibarua wasioandikwa, tena aandike ni siku gani ya mwezi atakuja mbele ya tawi kuhojiwa. Karatasi hiyo ibaki kwa Katibu wa tawi, isirudi mfukoni mwake.