Saa tatu za kwanza baada ya kujifungua

Mama amejifungua salama, mtoto analia, ndugu wameshaanza kupiga simu nyumbani. Halafu damu haikati. Kanga ya kwanza imelowa, ya pili nayo imelowa. Kwa anayeishi Bumbire au Ikuza, ambako kuvuka kuja Muleba ni kusubiri boti na kuomba ziwa litulie, kila dakika ina uzito.

Kuna dawa inayokwenda na dakika hizo: asidi ya traneksamiki. Waligundua Wajapani wawili, mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, wakaitangaza mwaka 1962. Utako alifanya kazi maabara binti yake akiwa mgongoni, kama mama zetu wanavyolima migombani. Alitamani ijaribiwe kwa wazazi wanaotokwa damu, lakini madaktari hawakumsikiliza.

Dawa hii haiongezi damu. Damu ikishaganda penye jeraha, mwili una kemikali zake za kuyeyusha ule mgando. Dawa inazizuia. Jaribio la wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo, lilitoa majibu mwaka 2017: kwa waliochomwa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, vifo vya kutokwa damu vilipungua kwa karibu theluthi. Waliochelewa zaidi ya hapo hawakunufaika. Utako alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Baba mmoja aliniuliza kama anaweza kuinunua duka la dawa, mkewe aanze kumeza mapema. Hapana, baba. Huchomwa kwenye mshipa na mhudumu, gramu moja, pamoja na dawa ya kukaza mji wa mimba. Tena utafiti wa mwaka 2023 kwa wanawake 15,068 wenye upungufu wa damu, wakiwemo wa hapa Tanzania, haukuonyesha kwamba kuwachoma mara tu mtoto anapozaliwa, kabla damu haijazidi, kunazuia tatizo.

La kufanya mapema ni kumeza vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, visilale kabatini. Wa kisiwani avuke wiki chache kabla ya tarehe yake, akae kwa ndugu jirani na Rubya, Kagondo au Ndolage, nauli ya bodaboda ikiwa imewekwa kando. Na anayemuuguza, mara nyingi mama mkwe, amwite nesi kanga ya kwanza inapolowa, hata kama ni usiku wa manane na nesi amenuna.