Pesa Zako Ziko Serikalini, na Serikali Inakujua

Mlioniuliza kuhusu kuweka Linux kwenye tarakilishi kuukuu, subirini kidogo. Leo nataka kuzungumzia pesa, lakini kwa macho ya mtu anayelipwa kuandika programu.

Kuna kitu ambacho Wakenya wengi hawakijui, au wamekisikia redioni wakadhani ni utapeli. Tangu mwaka 2011 tuna Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na sheria hiyo ndiyo iliyozaa mamlaka inayoitwa UFAA, ambayo ofisi zake ziko Westlands, Nairobi. Kazi yake ni hii: benki, kampuni ya bima, sacco, kampuni ya simu au kampuni yenye wanahisa ikikaa na pesa za mtu ambaye hajasikika kwa muda uliowekwa, haina ruhusa ya kuzimeza. Lazima izikabidhi UFAA. Kwa akaunti ya kawaida ya benki muda huo ni miaka 5. Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Novemba, wanaoshikilia pesa za namna hii wanatakiwa kupeleka taarifa na pesa zenyewe.

Na hapa ndipo watu wanapokosea: pesa zikifika huko hazigeuki kuwa za serikali. Zinabaki zako. Mamlaka inazitunza kama mdhamini tu, na wewe, au warithi wako, mnaweza kuzidai wakati wowote. Hakuna siku ya mwisho. Kwa sasa zimerundikana hadi makumi ya mabilioni ya shilingi. Nasema mabilioni, si mamilioni.

Zimetoka wapi? Nyingine ni za watu waliofariki bila kumwambia mtu kwamba wana akaunti. Nyingine ni za ile homa ya hisa. Wanaokumbuka mwaka 2006 KenGen ilipouza hisa, kisha 2008 Safaricom ikauza zake kwa shilingi 5 kila moja, wanakumbuka foleni zilivyokuwa. Walimu, wauguzi, wenye maduka, wakulima wa chai, kila mtu alitaka kuwa mwanahisa. Watu walijaza fomu kwa kalamu, wakaandika sanduku la posta, wakaenda zao. Kisha gawio likaanza kutumwa kwa hundi kwenye sanduku lile.

Sasa, sanduku la posta la Mkenya ni la nani? Mara nyingi si lake. Ni la shule ya msingi alikofundisha, au la kanisa, au la kiwanda, au la mjomba aliyekuwa na ufunguo. Mtu akihamishwa au akistaafu, barua zinabaki pale. Sheria inamtaka anayeshikilia pesa amtafute mwenyewe kwa anwani ya mwisho inayojulikana kabla ya kuzikabidhi, na hilo ni jambo jema kwenye karatasi. Lakini anwani ya mwisho inayojulikana ni lile lile sanduku ambalo ndilo lililompoteza! Ni kama kumtafuta ng'ombe aliyepotea kwa kwenda kumwita zizini.

Fungu jingine ni la M-Pesa. Huduma hii ilianza mwaka 2007, na tangu hapo watu wamebadili laini mara ngapi? Simu ikiibwa, mtu ananunua laini mpya badala ya kurudisha ile ya zamani, hasa kama kilichobaki ndani ni shilingi mia mbili tu. Laini inakufa, salio linabaki, miaka inapita, salio linakabidhiwa. Mia mbili yako ni kitu kidogo. Zizidishe kwa laini zote zilizowahi kutupwa katika nchi hii.

Maoni yangu ni mafupi: mfumo wetu umejengwa kinyumenyume. Unamtaka mwananchi aitafute serikali, wakati serikali ndiyo yenye kila kitu kinachohitajika kumpata mwananchi.

Fikiria kidogo. Huwezi kusajili M-Pesa bila kitambulisho. Kwa hiyo kila salio la M-Pesa lililokabidhiwa linatoka kwenye akaunti iliyosajiliwa kwa nambari ya kitambulisho. Na yule aliyetupa laini mwaka 2012 hakuacha kutumia simu. Ana laini nyingine, imesajiliwa kwa nambari ile ile ya kitambulisho, na huenda ameitumia leo asubuhi kulipa nauli ya matatu. Kwa mtu wa hifadhidata, haya ni majedwali mawili yenye safu moja inayofanana. Unayaunganisha. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta anaweza kukuandikia hoja hiyo kabla chai haijapoa. Hakuna haja ya akili bandia wala mshauri kutoka ng'ambo.

Na si simu peke yake. KRA wana PIN yako, ambayo imefungwa kwenye kitambulisho. eCitizen wanakujua. Serikali ikitaka kodi yako haikuambii uingie kwenye tovuti ujitafute kama unadaiwa. Inakutafuta yenyewe, na inakupata.

Nakubali kwamba si kila rekodi ni rahisi hivyo. Rejista za zamani za hisa na za bima ni chafu. Nyingi hazina nambari ya kitambulisho kabisa, zina jina tu, na majina yetu ni kazi ngumu kwa mashine. Benki imeandika majina mawili, kitambulisho kina matatu. Mwanamke aliolewa akabadili jina la mwisho, au hakubadili lakini karani alimbadilishia. Wengi wa wanaoandika programu wakikutana na tatizo la majina yanayofanana kwa sauti hukimbilia Soundex, mbinu iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918. Inahifadhi herufi ya kwanza ya jina na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Kwa Mohamed na Muhammad inafanya kazi, yote mawili yanatoa M530. Lakini mpe Hamisi na Khamis: mmoja anakuwa H520, mwingine K520, na kwa mashine hao ni watu wawili wasiojuana. Omari na Umar vivyo hivyo. Na kwa sababu Soundex inaipa L na R tarakimu tofauti, karani aliyeandika Kaliuki badala ya Kariuki amempoteza mzee wa watu kabisa. Kwa hiyo unahitaji mbinu iliyotengenezwa kwa majina ya hapa, na tarehe ya kuzaliwa kando yake, na binadamu wa kuangalia zile zenye shaka. Hii ni kazi halisi ya uhandisi, na ingewapa vijana wetu wengi ajira ya maana kuliko kutengeneza programu ya kumi na moja ya kuagiza chakula. Lakini ugumu wa rekodi chafu si sababu ya kuziacha zile safi zikae.

Wengine wamekwisha kufanya hivi. Marekani kila jimbo lina ofisi yake ya pesa zisizodaiwa, na kwa miaka mingi mtindo ulikuwa kama wetu: jitafute mwenyewe. Lakini majimbo kama Wisconsin na Illinois sasa yanachukua orodha ya pesa hizo, yanailinganisha na rekodi za walipa kodi, na majina yakipatana mtu anapelekewa hundi nyumbani bila kujaza fomu yoyote ya madai. Wao hawana hata kitambulisho cha taifa kama chetu, wala M-Pesa. Wanatumia posta! Sisi tungeweza kumaliza jambo hilo hilo kwa ujumbe mfupi mmoja.

Najua pingamizi zitakazokuja, kwa hiyo nizijibu mapema.

Ya kwanza ni wizi. Utasema pesa zikitumwa zenyewe, matapeli watahamisha laini za watu wazipokee wao. Hatari hiyo ipo, lakini inategemea kiasi. Weka kiwango. Chini yake, pesa zinatumwa moja kwa moja kwenye laini ambayo jina na kitambulisho chake vimelingana. Juu yake, fomu na vithibitisho kama kawaida. Hakuna tapeli atakayehangaika kuhamisha laini yako kwa ajili ya shilingi mia tatu.

Ya pili ni faragha, na hii naichukulia kwa uzito zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data itumike kwa lengo iliyokusanyiwa. Kampuni ya simu haikusajili laini yangu ili iniletee gawio. Sawa. Basi Bunge liandike kifungu kinachoruhusu ulinganishaji huu kwa lengo moja tu la kumrudishia mtu mali yake, na matokeo yasionekane na mtu mwingine yeyote. Lakini tusijidanganye kwamba mtindo wa kujitafuta ndio unaolinda faragha. Kujitafuta kunatumia nambari ya kitambulisho, na nambari ya kitambulisho ya Mkenya si siri. Umeiandika katika daftari la askari wa kila jengo uliloingia Nairobi, chini ya ya mtu aliyekutangulia, ambayo pia umeiona. Kukutumia wewe ujumbe kwenye laini yako ni faragha zaidi kuliko kuweka dirisha ambalo yeyote aliyepiga picha daftari lile anaweza kuchungulia.

Pingamizi ya tatu haisemwi kwa sauti. Pesa hizi zikikaa zinawekezwa, sehemu kubwa kwenye hati na dhamana za serikali. Yaani zinakopeshwa Hazina. Simlaumu mtu, sheria inataka zitunzwe na hizo ni mahali salama. Lakini niambie, ni nani huko juu atakayeamka asubuhi na haraka ya kuzirudisha?

Wanaoumia na mpango huu si mimi na wewe tunaosoma kwenye skrini. Shangazi yangu, mjane, mumewe alikuwa mwalimu na alinunua hisa za kampuni moja enzi zile. Gawio lililorundikana kwa jina la marehemu halikufika hata elfu tano. Ili alipate alihitaji hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, maana anayedai pesa za marehemu lazima athibitishe kwamba ana mamlaka hayo kisheria. Barua ya chifu, cheti cha kifo, fomu za korti, tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali na siku 30 za kungoja, na nauli kila safari. Alipiga hesabu kwenye bahasha, kisha akaniambia, "Mwanangu, hizi ni za mume wangu, lakini nikizifuata nitakuwa nazinunua." Akaacha. Sheria ya urithi ina sababu zake, sipingi kwamba elfu mia tano ya marehemu isitolewe kwa yeyote anayekuja na kilio. Lakini kwa elfu tano, kwa mjane ambaye cheti cha kifo na cha ndoa anavyo mkononi, kingo hii inawaacha nje hasa wale ambao elfu tano kwao ni pesa.

Wakati tunangoja mfumo mzuri, tumia huu uliopo. Ingia ufaa.go.ke au piga *361# kwenye simu, tafuta kwa nambari ya kitambulisho. Usiishie kwako. Tafuta na ya baba, ya mama, ya babu, wakiwa hai au wamefariki; vitambulisho vya wazee mara nyingi vipo kwenye lile sanduku la bati chini ya kitanda. Ukikuta kitu, kuna fomu ya mwenyewe na fomu ya warithi, na utatakiwa kuambatisha nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA na maelezo ya akaunti pesa zitakakoingia. Ukijua ulikuwa na akaunti fulani na haionekani, nenda kwanza kwenye benki au kampuni yenyewe, huenda bado wanazo. Na kama una hisa za zamani, peleka anwani mpya na nambari ya akaunti kwa wasajili wa hisa kabla gawio lijalo halijalipwa.

Kudai ni bure. Akikupigia mtu akisema ana milioni zako na anataka kwanza ada ya kufungua faili, kata simu. Nambari yako ameitoa kwenye daftari la askari.