DAWA YA PRESHA KUTIBU INI? IPIMWE KWANZA!

Wahenga hawakukosea waliponena: usiache mbachao kwa msala upitao. Wasomaji wenzangu, leo ningependa tuupime msemo huu kwa kitu kilichomo katika nyumba nyingi, yaani dawa za presha. Wako wanasayansi wanaosema kwamba dawa hizi za zamani huenda zikafaa pia kwa ugonjwa wa ini lenye mafuta. Mimi naunga mkono zichunguzwe. Lakini napinga vikali mtu kuzimeza kwa ajili ya ini kabla uchunguzi haujakamilika.

Ini lenye mafuta ni nini? Ni ini ambalo mafuta yamejaa ndani yake kupita asilimia 5. Wengi hudhani ni balaa ya walevi peke yao. La hasha! Hata mtu asiyeonja tone la pombe huupata, hasa aliyenenepa kupita kiasi au mwenye kisukari. Duniani, karibu watu wazima 3 kati ya kila 10 wana ugonjwa huu. Mara nyingi hauumi, kwa hivyo mtu hukaa nao miaka na miaka bila kujua. Kwa wengine ini huvimba, hupata makovu, na mwishowe hushindwa kufanya kazi au hupata saratani.

Sasa dawa ya presha inaingiaje hapo? Mwilini mna kemikali iitwayo anjiotensini. Hiyo hubana mishipa ya damu, na presha ikapanda. Kemikali hiyo hiyo huchochea seli fulani za ini zitengeneze makovu. Dawa kama losartani na telmisartani huizuia. Ndipo watu wakajiuliza: ikizuiwa, je, ini nalo halitapata nafuu?

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Barcelona, Hispania, walieleza kuwa telmisartani ikichanganywa na pemafibrati, dawa ya mafuta ya damu, ilipunguza mafuta kwenye ini la panya. Habari njema, ama sivyo? Ngoja kwanza. Panya si mtu. Huko Uingereza losartani ilijaribiwa kwa wagonjwa, na matokeo yakachapishwa 2017: haikupunguza makovu kuliko tembe zisizo na dawa. Lakini wagonjwa wenyewe walikuwa 45 tu, kwani wengi waliotafutwa walikuwa tayari wanameza dawa za aina hiyo kwa sababu ya presha. Basi swali bado liko wazi.

Kwa nini tujali? Kwa sababu ya pesa! Dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu ukishafikia makovu, resmetiromu, ilipitishwa Machi 2024, na bei iliyotangazwa ikawa zaidi ya dola 47,000 kwa mwaka. Hata harambee ya lokesheni nzima haitoshi kumtibu mtu mmoja. Losartani nayo hutengenezwa na makampuni mengi, na bei yake ni ya chini mno ukilinganisha. Lakini ni kampuni gani itatumia mamilioni kuchunguza dawa ambayo kila mtu anaitengeneza? Ndiyo maana nasema serikali na vyuo vikuu, vyetu vikiwemo, vibebe mzigo huo. Dawa ya maskini ikikosa mtetezi, maskini ndiye atakayeumia.

Wapo watakaosema, "Si nyanya ana tembe zake kabatini, tumpe na mjomba?" Hapana jamani! Dawa hizi zinaweza kumshusha mtu presha hadi akazirai. Zinaweza kudhuru figo kama mtu hafuatiliwi na daktari, na kwa mama mjamzito humdhuru mtoto tumboni. Naye nyanya akiishiwa dozi, presha yake itapanda. Tutakuwa tumewaumiza wawili kwa mpigo.

Tunapongoja, tiba moja imekwisha kuthibitishwa. Aliyenenepa akipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake, ini hupata nafuu kubwa. Basi soda na chipsi za kila siku zipungue, na miguu itumike. Mwenye presha naye aendelee na dawa yake kama daktari alivyomwagiza. Mbacha wetu tusiutupe, lakini pia tusiutandike mahali tusipopafagia.

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu