Mkono wa Mchoraji

Kijana ashikaye kalamu kwa miezi sita hulalamika kwamba picha zake za watu hazina mkono wake mwenyewe. Hokusai wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1760, alichora waigizaji kwa mtindo wa mwalimu wake Shunshō kwa miaka zaidi ya kumi, hata jina la uchoraji alipewa naye. Baadaye akatoka chuoni, akazidi kuchora watu wa kila namna: mafundi kazini, wacheza mieleka, vipofu, na wanene waogao. Picha hizo zilianza kutolewa vitabuni mwaka 1814, na vitabu vikafikia 15. Walakini, alipokwisha kupita miaka 70, mzee huyo aliandika kwamba yote aliyoyachora kabla ya umri huo hayakustahili kutazamwa! Alifariki mwaka 1849, na mwaka huohuo alikuwa angali akichora.