Chai ya Mafua Haihitaji Konyagi

Mwezi wa Juni na Julai, baridi inapobana kule Lushoto na Mlalo, ndugu zetu hushuka huku Mnazi kwenye joto wakiwa na mafua, na wengi wao wana dawa yao tayari: chai ya tangawizi iliyotiwa konyagi. Hata Uskoti wazee hunywa wiski ya moto vivyo hivyo. Simgombezi mtu mzima mwenye afya kwa kifuniko kimoja jioni. Ninachokataa ni kuiita dawa.

Konyagi ina pombe asilimia 35. Ukiinywa, mishipa ya damu ya ngozini hutanuka, nawe unasikia joto. Kumbe ni joto la ndani linalotoka nje! Mafua yapo pale pale. Na anayetumia dawa za kifua kikuu au Flagyl asiiguse kabisa. Gongo sitaki hata kuisikia, maana iliyotiwa sumu huweza kupofusha macho.

Usiku mmoja tuliletewa mtoto wa miaka miwili, amelegea, hashtuki hata kwa sindano. Bibi yake alikuwa amempa nusu kikombe ili alale. Sukari ya damu ilikuwa imeshuka vibaya, kwa sababu pombe hulizuia ini kutengeneza sukari, na mtoto mgonjwa asiyekula hana akiba. Tulimtilia maji ya sukari mshipani, akazinduka alfajiri. Bibi yule hakuwa mkatili. Alifanya aliyofanyiwa yeye. Alisema pombe huisha ikichemka. Lakini mama zangu, si mnaitia mwishoni, kikombeni?

Pondeni tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, mchemshe katika vikombe viwili vya maji pamoja na kijiti cha mdalasini na karafuu tatu, kwa dakika 10. Tieni majani kidogo ya chai ya milima yetu (ya mtoto isiwe na majani), chujeni. Ikipoa kidogo ongezeni ndimu na kijiko cha asali. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe.

Mtoto akipumua haraka, yaani mara 50 au zaidi kwa dakika kama ana miezi 2 hadi 11, mara 40 au zaidi kama ana mwaka 1 hadi 5, au kifua kikibonyea ndani, wekeni kikombe chini mumlete usiku huo huo.