Mfanyakazi Anayo Haki ya Kusema Hapana

Mara nyingi katika semina zetu huulizwa: kati ya ukomunisti na ubepari, ni mfumo upi ulio bora? Sisi twaona yafaa kutanguliza swali jingine: katika kila mfumo, mfanyakazi mnyonge anayo nafasi ya kusema hapana?

Ukomunisti ulifundisha kwamba dhuluma huanza pale watu wachache wanapomiliki viwanda na ardhi. Kwa hiyo njia kuu za uchumi ziwe mali ya umma. Tusiwe wepesi wa kudharau: katika Ulaya Mashariki wengi walipata ajira, shule na matibabu. Lakini mali ya umma ilishikwa na chama kimoja. Mwezi Agosti 1980, huko Gdańsk, Poland, mwendesha kreni Anna Walentynowicz alifukuzwa katika kiwanda cha kuunda meli, ikiwa imebaki miezi mitano tu astaafu. Kosa lake lilikuwa kutetea vyama huru vya wafanyakazi. Tarehe 14 wenzake waligoma, na la kwanza kati ya madai yao 21 lilikuwa haki ya kuunda vyama hivyo. Ndipo kilipozaliwa Solidarność, yaani Mshikamano, kilichopata wanachama wapatao milioni 10. Desemba 1981 serikali ilitangaza hali ya hatari na kuwatia viongozi wake kizuizini. Dola iliyojiita ya wafanyakazi iliwafunga wafanyakazi.

Ubepari nao hufundisha kwamba kila mtu awe huru kumiliki, kuuza na kuajiri. Uhuru huo umeleta uvumbuzi na bidhaa tele. Lakini uhuru wa mwenye njaa mbele ya mwenye mali ni uhuru gani? Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, Bangladesh. Benki iliyokuwamo iliwaondoa watumishi wake. Washona nguo, ambao hawakuwa na chama cha kuwasemea, waliamriwa kurudi kazini kesho yake. Jengo likaporomoka, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Nguo walizoshona zilikuwa za kuuzwa Ulaya na Marekani.

Katika Gdańsk aliyenyamazisha alikuwa chama na dola. Katika Dhaka ilikuwa hofu ya kukosa mshahara. Mifumo hii miwili haifanani, lakini kila mmoja waweza kumgeuza mtu kuwa chombo. Ndiyo maana Papa Yohane Paulo II, mwana wa Poland, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi, alifundisha kwamba kazi hutangulia mtaji, kwa kuwa mtu ni mkuu kuliko vitu.

Basi tusiishie kuwanyoshea kidole wa mbali. Sisi tulio waajiri, katika shule, hospitali na parokia zetu, na hata majumbani mwetu, tujiulize: mpishi, mlinzi na mtumishi wa ndani wanayo mikataba? Wakilalamika, husikilizwa au hufukuzwa? Haki tunayoidai kwa serikali na matajiri yatupasa tuianze kwetu, mwisho wa mwezi huu, siku ya kulipa mishahara.