Ripoti isipewe funguo zote za duka

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni hapa Arusha, kuunganisha kanzidata ya oda ya MySQL na Power BI ni jambo zuri. Unaona bidhaa ipi inakwenda Njiro, ipi imegoma Tengeru. Ila tusidanganyane: wengi tunaruhusu ripoti iingie kwa "root", akaunti yenye mamlaka yote. Ya nini? Ripoti kazi yake kusoma tu. Fundi aifungulie akaunti yake, yenye ruhusa ya SELECT peke yake, kwenye jedwali la mauzo, siyo la namba za wateja. Na mlango wa 3306 usiachwe wazi kwa dunia nzima. Usiseme biashara yako ni ndogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Muulize fundi leo: ripoti yangu inaingia kwa jina gani?